Waksi kuukuu imegoma kutoka? Soma dalili kabla ya kuongeza ukali wa dawa

Mtu akikwama kutoa waksi ya zamani kwenye gari lake, wazo la kwanza huwa ni dawa kali zaidi. Sabuni ikishindwa anachukua mafuta ya taa, mafuta ya taa yakishindwa anapita Ngamiani, hapa Tanga mjini, kununua thina. Hasara huanzia hapo, maana mara nyingi kilichobaki juu ya rangi si waksi tena. Ni vumbi la saruji lililoganda, ni chokaa ya maji ya kisima, ni mafuta ya tairi yaliyopeperuka hadi kwenye milango, au ni rangi yenyewe imekufa kwa jua na hakuna dawa itakayoifufua.

Hapa chini mambo yamepangwa kwa dalili. Tafuta kile unachokiona kwenye gari lako, anza na sababu ya kwanza, ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka.

Kwanza ujue unafuta nini, juu ya nini

Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani yana rangi ya kiwandani yenye unene wa jumla wa karibu mikroni 100 hadi 150. Chini kuna praima, juu yake rangi, na juu kabisa klia, lile tabaka lisilo na rangi linalotoa mng'ao. Klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa mtu. Waksi hukaa juu ya klia. Ukiivuka klia, hakuna kurudi nyuma isipokuwa kwa kupiga rangi upya.

Juu ya klia unaweza kukuta kimoja kati ya vitu vitatu. Kuna waksi ya kawaida, hasa ya kanauba (nta ya mmea), ambayo kwenye jua la pwani hudumu wiki chache hadi miezi miwili mitatu. Kuna silanti, ambayo ni polima ya kiwandani na hukaa miezi mingi zaidi. Na kuna kotingi ya kioo, tabaka gumu linaloshikamana na klia, inayopendwa sana Japani. Hiyo haitoki kwa kimiminika chochote cha kawaida. Kama gari lako limepakwa waksi mara ya mwisho kabla ya masika na sasa ni vuli, hesabu kwamba waksi haipo. Unapigana na kitu kingine.

Fanya kazi bodi likiwa baridi. Weka mgongo wa kiganja kwenye boneti; ukilazimika kuuondoa, acha. Muda mzuri ni kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, au jioni jua likishalegea, kivulini. Kivuli cha mwembe au mkungu usikihesabu, utaongezewa utomvu na madoa ya matunda juu ya shida uliyonayo.

Dalili: Nimeosha, nimesugua, lakini maji bado yanaviringika matone

Maji yakiviringika matone, juu ya rangi kuna waksi au kitu kinachofanana nayo; yakilala bapa, kwa kawaida hakuna. Hii ndiyo inayoongoza kwa kuulizwa, na ndiyo inayowapeleka watu wengi kwenye thina.

Sababu ya kawaida kabisa ni shampuu. Shampuu nyingi za gari zina waksi ndani yake, na zinasema hivyo kwenye chupa. Kila ukiosha unaipaka upya. Badilisha: tumia sabuni ya maji ya vyombo kwa siku hiyo moja tu, suuza kwa maji mengi, kisha jaribu tena. Sabuni ya unga usiiguse. Ina ukali wa magadi, na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza kama mchanga.

Sababu ya pili ni mafuta ya taa yenyewe. Watu huyatumia kutoa lami na waksi, na kweli yanalainisha vyote viwili, lakini yanaacha utando wa mafuta unaoviringisha maji vilevile. Mwenye gari anaona matone, anadhani waksi bado ipo, anaongeza mafuta ya taa. Anaweza kuzunguka hapo siku nzima, na mpira wa madirisha unalainika polepole huku akiendelea. Ukishayatumia, osha kwa sabuni ya vyombo mara mbili kabla ya kupima chochote.

Sababu ya tatu ndiyo silanti halisi. Sabuni huidhoofisha tu. Hapa chukua spiriti ya asilimia 70, changanya sehemu moja na maji safi sehemu mbili, nyunyiza kwenye eneo dogo la kama futi mbili kwa mbili, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, geuza upande mkavu, futa tena. Ikishindikana, ongeza hadi nusu kwa nusu, usizidi hapo. Angalia spiriti unayonunua. Baadhi ya zile za kupaka ngozi zimeongezwa mafuta, na kitakasa mikono kina gliserini. Dondosha tone kwenye kioo cha dirisha, subiri likauke. Likiacha utando, halifai kwa kazi hii.

Ya mwisho ni kotingi. Kuna njia rahisi ya kuitambua. Bandika tepu ya mafundi rangi katikati ya boneti. Upande mmoja ufute kwa spiriti mara tatu, mwingine uache. Toa tepu, mwagia maji kwa mpira usio na presha, tazama. Upande uliofutwa ukilaza maji na mwingine ukiviringisha, ulikuwa na waksi au silanti na dawa yako inafanya kazi. Endelea gari zima. Pande zote mbili zikilaza maji, kazi ilikwisha zamani. Pande zote mbili zikiviringisha matone madogo yaliyosimama wima, hiyo ni kotingi.

Simama hapa. Kotingi hutoka kwa kuikwangua na mashine ya polishi, na anayeikwangua lazima ajue klia imebaki kiasi gani. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi. Na kwa maoni yangu, kama kotingi bado inaviringisha maji, huna sababu ya kuitoa. Gari linalolala Raskazone, chumvi ya bahari ikilipiga usiku kucha, linaihitaji.

Neno moja kuhusu kipimo cha maji. Kinapima uso wa juu kabisa tu. Waksi iliyofunikwa na uchafu hulaza maji kana kwamba haipo, na klia safi kabisa bado hukusanya maji kidogo. Ndiyo maana tepu ni bora kuliko kukadiria kwa macho.

Dalili: Rangi ina ukungu au mabaka baada ya kufuta

Angalia kwanza ikiwa ukungu unatoka ukipumulia na kufuta kwa kitambaa kikavu kisafi. Ukitoka, ni waksi iliyolainika ikasambazwa badala ya kuondolewa. Kitambaa kimoja kwa gari zima hakitoshi. Kikishashiba kinarudisha ulichokitoa, kwa hiyo kigeuze kila paneli na uwe na vya akiba. Hii ndiyo sababu ya mabaka mengi, na haina haja ya dawa yoyote mpya.

Kama mabaka yana mipaka mikali, yanafuata mstari wa mteremko, au yana umbo la mchirizi, dawa ilikaukia kwenye bodi la moto. Rudia palepale kwa dawa ileile, kivulini, na suuza kabla haijakauka. Mara nyingi inatosha.

Mabaka yenye rangi za upinde wa mvua ukiyatazama kwa pembeni ni mafuta. Chanzo huwa mafuta ya taa, au ile silikoni wanayonyunyizia tairi na dashibodi kwenye maeneo ya kuoshea magari ili ving'ae. Upepo wa kusi ukivuma, nusu yake inaishia milangoni. Tapentaini ya kuchanganyia rangi za mafuta huitoa vizuri: kidogo kwenye kitambaa, futa, kisha osha mara moja kwa sabuni, kwa kuwa nayo huacha mabaki. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama ukingo wa ndani wa mlango. Na tapentaini si thina. Zinauzwa rafu moja na chupa zinafanana, lakini thina ya kupigia rangi huyeyusha rangi nyingi zilizopigwa gereji.

Ukifanya hayo yote na weupe ukabaki palepale kwenye paa, boneti na juu ya buti huku milango ikiwa mizima, umefika kwenye sababu ya nne. Klia imechoka. Jua hupiga vitu vilivyolala, na waksi ilikuwa inalificha hilo. Mimina maji juu ya baka: likipotea likiwa limelowa na kurudi likikauka, uso umepauka na polishi ya mkono inaweza kuusaidia kwa muda. Kama kuna ukingo unaoukamata kwa ukucha, klia inabanduka, na hapo usipake wala usisugue kitu. Muone fundi rangi. Kila unachosugua kinapanua ukingo ule.

Dalili: Waksi imetoka lakini rangi ina ukakasi mkononi

Osha gari, kisha ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa nailoni na uupitishe juu ya boneti. Nailoni hukuza kila punje. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni iliyofungia mkate inafaa kabisa.

Tanga sababu ya kwanza mara nyingi ni vumbi la saruji na chokaa, hasa kwa wanaopita barabara ya Pongwe kila siku nyuma ya malori ya saruji. Vumbi likiwa kavu halina neno. Shida ni umande. Gari likilala nje, umande wa alfajiri unalilowesha vumbi, na saruji inafanya kile ilichotengenezwa kufanya. Baada ya wiki kadhaa una punje zilizoshika juu ya rangi, na mtu anayezisugua kwa kitambaa kikavu anapiga msasa bila kujua.

Anza na maji mengi bila kugusa. Yaache yatiririke dakika kadhaa. Kisha changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya punje dakika moja au mbili, nyanyua, suuza. Rudia badala ya kusugua. Asidi ya siki inalegeza chokaa iliyomo kwenye saruji polepole, na unahitaji subira kuliko nguvu. Wapo wanaopendekeza dawa ya kusafishia choo kwa kuwa nayo ni asidi. Ni kweli inatoa saruji. Inatoa pia mng'ao wa klia, inakula nikeli na kromu, na inaanzisha kutu kwenye kila mchubuko ulioufikia. Usiitumie.

Zikibaki punje chache, chukua klei ya magari. Ni donge laini, unalibonyeza liwe bapa, unalipitisha juu ya rangi iliyolowa maji ya shampuu. Lisikauke hata mara moja, na usilikandamize. Likianguka chini, litupe; usijidanganye kwamba utalisuuza mchanga ukatoka. Klei inatoa pia sehemu ya waksi lakini haitoi silanti yote, kwa hiyo haichukui nafasi ya spiriti.

Vidoti vya rangi ya kutu kwenye gari jeupe ni vumbi la chuma, zaidi kutoka kwenye breki. Klei ileile hutoa vingi. Ukakasi unaofanana na msasa laini kwenye upande mmoja tu wa gari huwa ni rangi ya kupuliza iliyorushwa na upepo: jirani alipaka geti, au gari liliegeshwa jirani na gereji. Ukiwa mwepesi, klei tena. Ukiwa umefunika paneli nzima, mwachie fundi.

Dalili: Duara nyeupe zilizobaki kila mahali

Chini ya sehemu kubwa ya Tanga kuna mawe ya chokaa, yaleyale yaliyotengeneza Mapango ya Amboni, na maji ya visima vingi yanabeba chokaa hiyo. Ukiosha gari kwa maji ya kisima na kuliacha likauke juani, kila tone linaacha duara. Waksi ikiwepo, duara linakaa juu yake. Ukishaitoa, linakaa juu ya klia moja kwa moja, ndiyo maana watu hudhani kutoa waksi ndiko kulikoleta madoa.

Siki na maji kama hapo juu, suuza, kausha kwa kitambaa papo hapo. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua uliyoyakinga. Duara lisilotoka kwa siki na unaloliona kama kishimo ukilitazama kwa ubavu limeshaila klia. Hiyo ni kazi ya polishi.

Dalili: Mikwaruzo imejitokeza ambayo haikuwepo

Ilikuwepo, kwa kawaida. Waksi na hasa zile polishi za kujazia huziba mikwaruzo midogo, na magari ya kuuzwa hupakwa hivyo makusudi. Simama ubavuni mwa gari jua likiwa nyuma yako. Ukiona mikwaruzo ya duara inayozunguka mwanga wa jua, ni ya miaka ya kuoshwa kwa sponji moja na ndoo moja. Ukiona mistari iliyonyooka inayofuata njia ya mkono wako, imetoka leo, kitambaa kilikuwa na mchanga. Badilisha kitambaa kabla ya kugusa paneli inayofuata.

Polishi laini ya mkono hupunguza yote mawili. Kompaundi ya kukata, ile nzito yenye chenga, usianze nayo, na mashine ya kuzunguka ya mafundi usiiazime kama hujawahi kuishika. Kwenye kona za boneti na kingo za milango klia ni nyembamba zaidi, na mashine huitoboa kwa sekunde chache.

Dalili: Kitambaa kinabadilika rangi

Acha kila kitu kwanza. Kikiwa cha kijivu au cheusi, pengine ni uchafu tu. Kikichukua rangi ya gari, kuna mambo matatu ya kuulizwa.

Umetumia nini? Kama ni thina au petroli, umeanza kuyeyusha rangi. Mwagia maji, osha kwa sabuni, usirudie. Petroli ina hatari nyingine iliyo wazi, hasa pale mtu anapofutia gari mbele ya jiko la mkaa la jirani.

Je, gari lilishapigwa rangi upya? Rangi nyingi za gereji hupigwa bila kuokwa kwa moto kama za kiwandani, na nyingine huyeyuka kwa thina hata baada ya miaka. Dalili ni rangi iliyorukia kwenye mipira ya madirisha, au boneti yenye kivuli tofauti na milango. Iliyopigwa ndani ya miezi mitatu usiipake spiriti wala tapentaini. Sabuni na maji tu.

Au ni gari la zamani lenye rangi isiyo na klia juu yake? Magari meupe na mekundu ya zamani yasiyo na chembe za kumeta mara nyingi yako hivyo. Kwake, kuacha rangi kidogo kwenye kitambaa wakati wa kupiga polishi ni kawaida. Kuiacha kwa spiriti peke yake si kawaida.

Na yale madogo

Weupe kwenye bampa nyeusi na fremu za plastiki ni waksi iliyokauka ndani ya vinyweleo. Mswaki laini wenye sabuni ya vyombo ya uvuguvugu, na pale panapogoma, futio la penseli. Mara nyingine utakapopaka, weka tepu kwanza.

Waksi mpya isiyoshika, inayokusanyika kama jasho au kuacha mistari, inakwambia kuna silikoni chini yake, au bodi halijakauka kwenye maungio. Wakati mwingine umepaka nyingi mno tu, na hilo linatibika kwa kitambaa.

Ukimpelekea fundi gari, uliza mambo mawili kabla hajawasha mashine: anapima unene wa rangi kwa kifaa au kwa macho, na yuko tayari kufanya nusu ya boneti kwanza, tepu ikiwa katikati, nyote mkaitazama nje kwenye jua kabla ya kuendelea. Akikataa la pili, chukua funguo zako.